Chakula Kisicho na Mchuzi

Siku soseji zilipopasuka, Baba Chiriku alimshika mkewe kifundo cha mkono, akakilaza kiganja chake kwenye kikaango. Hakupandisha sauti. Alikuwa ametoka kazini mapema, njaa inamuuma, akasimama mlangoni mwa jikoni akitazama zile soseji za kuku zikifumuka ngozi moja baada ya nyingine na kutema mafuta ukutani. Kisha akauliza, "Nani alikufundisha kupika namna hii?" Mkewe alikuwa bado anatafuta jibu aliposikia kiganja chake kikitoa sauti ileile ya soseji.

Alipomwachia, alikaa mezani akala. Alikula zilizopasuka na zisizopasuka, akakomba mchuzi kwa mkate mpaka sahani ikang'aa, akalegeza mkanda, akalala palepale kitini mdomo wazi. Mkewe alisimama jikoni, mkono ndani ya ndoo ya maji, akimsikiliza anavyokoroma.

Mke huyo aliitwa Sindano. Dada yake, fundi cherehani, ndiye aliyembandika jina hilo wakiwa wadogo kwa sababu ya wembamba wake, na jina likamganda mpaka akawa mtu mzima nalo. Kesho yake mchana dada huyo alipita kumsalimia, akaona kitambaa alichojifunga kiganjani.

"Mafuta yameniruka, dada."

Dada aliushika mkono wake. Alikifungua kitambaa taratibu, kama anavyofumua mshono asiotaka kuuchana, akakitazama kiganja.

"Mafuta yakiruka yanaacha vidoa," alisema. "Hayapigi mhuri."

Sindano aliangalia pembeni. Alikuwa amejikaza kisabuni tangu asubuhi.

"Na mtoto?"

"Mtoto hajamgusa."

"Bado," dada alisema.

Mtoto alikuwa wa miaka minne, binti, naye aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukufungwa hata akiwa usingizini. Mchana Chiriku hakuwa nyumbani. Kila asubuhi baba yake alimpeleka kwa mama yake mzazi, ng'ambo ya soko, na kila jioni alimrudisha mwenyewe. Utaratibu huo ulianza baada ya Sindano kujaribu kuondoka. Safari hiyo alifika kwenye kona ya duka la mkaa tu, mtoto mgongoni. Baba Chiriku alimrudisha akimburuta kwa nywele, na pale ngazini alimpiga teke lililovunja mbavu mbili. Halafu akachuchumaa, akampangusa vumbi usoni na kumwambia, "Siku ukitoka tena, utatoka umebebwa." Tangu hapo mchana mke alikuwa huru lakini mtoto yuko kwa bibi yake, na bibi alikuwa amekatazwa kumtoa kwa mtu yeyote. Jioni mama na mtoto walikuwa pamoja, lakini geti la chuma lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa kulia wa suruali ya Baba Chiriku.

"Akishiba analala?" dada aliuliza.

"Anakufa kabisa. Hata ukimwita jina haitikii."

"Basi Jumamosi nakuja kupika."

Sindano alimtazama.

"Nina mwenzangu tuliyejifunza naye cherehani," dada aliendelea, sasa kwa sauti ya chini ingawa nyumba ilikuwa tupu. "Yuko mbali, safari ya basi ya siku nzima. Nimeshaongea naye, ana chumba. Na mumeo kanipa suruali yake ya kijivu niipanue kiuno. Nimeipanua. Mfuko wa kulia nimeufumua chini, nikaushikiza kwa uzi mmoja. Atakapolala nitavuta kidogo tu, ufunguo utateremka wenyewe kwenye mguu wa suruali mpaka sakafuni."

"Akiamka?"

"Ndiyo maana tunampikia ashibe."

*

Jumamosi mchana dada alikuja na kikapu: viazi, karoti, kabichi, njegere, pilipili hoho mbili, nyanya, vitunguu. Soseji zilikuwa tayari kwenye friji. Baba Chiriku alikuwa mchinjaji kwenye kiwanda cha kuku. Siku nzima kuku walimpitia mbele wakining'inia kichwa chini kwenye kulabu, yeye akipitisha kisu kimoja kwa kila shingo. Soseji zilizotoka mashineni zimepinda wafanyakazi waliruhusiwa kwenda nazo nyumbani.

Dada alipika kama mama yao alivyopika. Alizilaza soseji kwenye kikaango chenye maji kidogo, moto mdogo, akaacha maji yakauke yenyewe ndipo akatia mafuta. Zikageuka rangi polepole, ngozi nzima, bila hata moja kupasuka. Alizitoa, akazikata mshazari. Karoti nazo alizikata mshazari, kila kipande unene mmoja, kwa mkono uliozoea kufuata chaki kwenye kitambaa. Sindano, mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa, alikoroga vitunguu kwa mkono wa kushoto mpaka vikawa vyekundu, akatia viazi vilivyochemshwa nusu, karoti, njegere, hoho, soseji na nyanya zilizosagwa. Kabichi ingeingia mwisho ili isilegee. Jikoni kulinukia kama nyumbani kwao, nyumbani kwa zamani, kabla mama hajafa.

Kwenye bakuli dada alikoroga unga wa ngano kwa maji baridi.

"Huu utie mwisho, mchuzi uwe mzito. Mtu wa mchuzi yule. Bila mkate wake kuogelea hajala."

"Najua, dada."

"Unajua, lakini unatetemeka. Nisikilize. Kwanza jaza mkebe wa mtoto, wa njiani. Halafu tia unga. Halafu pakua."

Sindano alichukua mkebe wa bati wenye kifuniko cha kubana. Alikuwa ameushika hivyo mkono ukiwa juu ya sufuria wakati geti lilipolia, na moyo wake ukadunda mpaka akausikia kwenye kidonda cha kiganja.

Dada alijifuta mikono, akatoka kwenda kumpokea shemeji yake, ili mdogo wake apate dakika za kumalizia.

"Aa, shemeji," sauti ya Baba Chiriku ilisikika. "Leo cherehani imekufa?"

"Haijafa, imepumzika. Nimekuja kukupikia kabla hujakonda ukanitia aibu mtaani."

"Nikonde mimi? Tumbo hili nimelilea kama mtoto wa mwisho." Kufuli lilibanwa. Ufunguo ukaingia mfukoni. "Umeona suruali ilivyonikaa? Mkono wako una baraka."

"Usiichezeshe sana tu. Mshono mpya."

"Nilikosea, unajua. Nilipaswa kuoa mkubwa. Huyu mdogo wako sufuria inamshinda."

"Ungenioa mimi, shemeji, wangekuwa wameshakuzika."

Alicheka kwa moyo wote, na dada akacheka naye. Chiriku aliwapita mbio akiita, "Mama mkubwa kaja! Mama, mama mkubwa kaja!"

Jikoni, Sindano aliuficha mfuko wa nguo za mtoto nyuma ya ndoo. Kisha akarudi kwenye sufuria. Mama yao kila mtu wa nyumbani alipokuwa anasafiri alipika chakula hikihiki namna hii: akiacha moto unywe maji yote, vipande vikabaki vikavu vinang'aa mafuta, ili njiani kisimwagike. Sindano alikuwa ameona hivyo tangu akiwa na kimo cha meza. Kichwa chake kilikuwa getini, kwenye sauti ya mumewe, na mikono ikaachwa ifanye yenyewe. Ikasubiri maji yakauke. Ikatia kabichi, ikageuza mara mbili, ikajaza mkebe, ikaufunga na kuuficha nyuma ya ndoo, ikazima moto wa sufuria, ule wa kikaango ukabaki. Ikapakua.

Bakuli la unga lilibaki palepale pembeni ya sinki.

*

Dada aliliona kosa sahani ilipotua mezani. Aliinua macho akamtazama mdogo wake, na Sindano akaitazama sahani, ndipo akalikumbuka bakuli la unga.

Baba Chiriku alimega mkate. Akauchovya, ukagonga sahani. Akautazama mkate.

"Mchuzi uko wapi?"

"Unga umekwisha, shemeji," dada alisema haraka. "Nimemwambia mdogo wangu kesho nitaleta. Kula kwanza, ladha iko ndani ya soseji yenyewe."

Alikula kipande kimoja. Akatafuna polepole, akimtazama mkewe. Kisha akainuka, mkate ungali mkononi, akaingia jikoni. Walisikia nyayo zake zikisimama. Alirudi amebeba bakuli la unga uliokorogwa, akaliweka katikati ya meza bila kulimwaga.

"Unga si huu hapa?"

Chiriku alikuwa anapanga njegere zake mstari pembezoni mwa sahani.

"Kuna kitu nakikumbuka," Baba Chiriku alisema, akakaa tena. Alikuwa mtulivu kabisa, na Sindano aliuogopa utulivu huo kuliko kitu chochote duniani. "Siku nilipomchukua huyu kwenu, mama yenu alitupatia mkebe. Soseji, karoti, kabichi. Nikamtania, nikamwambia, mama, mchuzi umenificha? Akaniambia, cha safari hakiwekwi mchuzi, baba, kitawamwagikia." Aliuweka mkate chini. "Sasa mniambie. Nani anasafiri?"

Chiriku aliinua uso. "Tunaenda wapi, baba?"

Baba Chiriku alichukua sahani yake akampiga nayo Sindano usoni.

Sahani ilivunjika kwenye shavu. Kabla Sindano hajajua kama amekaa au ameanguka, mkono ulikuwa umemshika nywele za kisogoni na paji lake likakutana na meza mara moja, mara mbili, njegere zikirukaruka. Aliisikia sauti ya dada yake ikisema, kwa utaratibu wa ajabu, "Chiriku, nenda jikoni, nyuma ya ndoo kuna mkebe. Uchukue, ukasimame getini. Usiuachie mpaka nikuambie." Halafu akasikia mwiko mkubwa wa mti ukitua kwenye bega la mumewe, ukatua tena kwenye sikio, ukavunjika.

Baba Chiriku aliziachia nywele. Alimgeukia dada kwa mshangao, kama mtu aliyeumwa na kuku.

"Wewe," alisema. "Nimekukaribisha nyumbani kwangu."

Alimpiga ngumi ya tumbo. Dada alijikunja, na alipojikunja alimpiga goti la uso, meno yakasikika. Alianguka kwa magoti lakini hakulala. Alimkumbatia miguu yote miwili, mikono ikaishika suruali ya kijivu pale mfuko ulipoishia. Alikuwa mnene, mzito wa kukaa, na vidole vyake vilikuwa vya mtu aliyekaza uzi kwa miaka ishirini. Baba Chiriku alimpiga kisogoni kwa kitako cha kiganja. Hakuachia. Alimburuta mpaka mlangoni mwa jikoni. Hakuachia. Kitambaa kikalia, mshono ukafumuka, na ufunguo ukateleza mguuni ukagonga sakafu.

Wote watatu waliusikia.

"Sindano," dada alisema. Mdomo ulikuwa umejaa damu, neno likatoka zito. "Okota."

Sindano aliiona dunia kwa jicho moja tu. Jingine lilikuwa limefumba. Alitambaa. Mumewe alijaribu kuukanyaga ufunguo, mguu ukakataa, umebanwa, akayumba akashika ukingo wa sinki. Hapo ndipo alipomshika dada kichwa kwa mikono miwili, kama anavyoshika vitu kazini, bila hasira usoni, akakigonga kwenye ukingo wa sinki la zege. Akakigonga tena. Kulikuwa na sauti ambayo Sindano hakuwahi kuisikia jikoni, na jikoni alidhani ameshasikia kila kitu.

Mikono haikuachia.

Sindano hakukimbilia geti. Aliuokota ufunguo, akainuka akalifikia jiko, akakishika kikaango kwa mkono ule ule ulioungua, kitambaa na yote, mafuta ya soseji yakiwa bado ya moto, akakitupa kizimakizima usoni kwa mumewe. Baba Chiriku alipiga yowe. Alijishika macho. Sindano alikiokota kikaango sakafuni akampiga nacho goti, akampiga tena pale pale, kwa nguvu zote za siku alizokaa kimya, mpaka goti likaenda upande ambao magoti hayaendi. Aliporomoka juu ya dada.

"Dada, inuka. Inuka twende."

Dada alimtazama. Jicho lilikuwa linamjua.

"Mtoto," alisema. "Nakuja."

Sindano alikimbia. Chiriku alikuwa amesimama getini, mgongo kwenye vyuma, amekumbatia mkebe kifuani kwa mikono yote miwili. Ufunguo uliteleza kwa damu, ukaingia mara ya tatu. Geti lilipofunguka hakupiga kelele. Alitoka tu barabarani alivyo, shavu limeachama, na makanika wa ng'ambo, aliyekuwa anafunga gereji yake, akaidondosha spana aliyoshika kisha akaiokota tena.

"Dada yangu yuko ndani," Sindano alimwambia. "Anakuja, lakini msaidie."

Makanika aliwaita wenzake wawili, wakaingia. Walimkuta Baba Chiriku anajaribu kusimama kwa mguu mmoja, kisu cha mboga mkononi, macho yamevimba, akikata hewa na kumtukana mke ambaye hayupo. Spana ilimpata mkono, kisu kikaanguka, wakamlalia watatu mpaka askari walipofika. Ili kumtoa pale iliwabidi kwanza wavifungue vidole vya dada kwenye suruali, kimoja kimoja.

Alibebwa kwenye shuka hadi gari la makanika. Sindano alikaa naye nyuma, Chiriku pembeni, kichwa cha dada mapajani, akikishikilia kana kwamba kingemwagika. Dada alipumua mpaka walipovuka soko. Baada ya hapo gari liliendelea kwenda mbio, kwa kuwa dereva hakujua, na Sindano hakumwambia.

*

Baba Chiriku alitolewa hospitali akiwa na pingu. Hakurudi tena kwenye nyumba ile, na hii hadithi haina zaidi juu yake.

Shavu la Sindano lilishonwa na daktari aliyeshona vibaya. Dada angecheka, angesema mshono gani huo, wa gunia. Asubuhi yake walimruhusu, akampeleka mtoto kwenye chumba cha dada, kwa sababu hakuwa na kwingine ambako mguu ungekubali kuingia. Chumba kilikuwa kama kilivyoachwa. Gauni la mteja lilikuwa kwenye cherehani, sindano imesimama katikati ya pindo. Chaki ilikuwa sakafuni. Kando ya mlango palikuwa na begi dogo lililofungwa: nguo za dada mwenyewe. Sindano alilitazama begi hilo kwa muda mrefu. Hakuwa ameambiwa kwamba dada naye alikuwa anasafiri. Alikuwa amedhani ni wao wawili tu.

Chiriku aliingia chini ya meza ya cherehani akakaa. Tangu jana hakuwa amesema neno. Si kwenye gari, si hospitali, si alipoulizwa jina na muuguzi. Alikuwa bado amekumbatia mkebe. Usiku walijaribu kumchukua akauma mkono wa mtu, wakamwachia.

Sindano alipiga magoti mbele yake.

"Nipe nikufungulie, mama. Una njaa."

Mtoto alitikisa kichwa.

"Mama mkubwa alisema usiuachie mpaka akuambie. Najua. Nilimsikia." Alimeza mate. "Alikuwa anataka ule. Alipika yeye."

Chiriku alifikiri. Kisha akausogeza mkebe mbele, lakini mikono haikutoka juu yake, na Sindano akavifungua vibanio kwa mkono wa kushoto huku viganja vidogo vikiwa bado vimeushika ubavuni.

Harufu ilitoka, baridi kidogo, ya soseji na kitunguu na hoho. Ndani mlikuwa na vipande vilevile, vilivyokatwa mshazari, kila karoti unene mmoja. Kabichi ilikuwa imeshikana na viazi. Mkebe ule ulikuwa umekimbizwa hadi getini, umepinduka garini, umelaliwa juu ya benchi la hospitali usiku kucha.

Sindano alichukua kipande cha karoti. Alikitazama pale kisu cha dada kilipopita, akakiweka mdomoni, akatafuna kwa upande usioshonwa. Ilimchukua muda kumeza. Chiriku alichukua soseji, akaila. Akachukua nyingine. Walikula hivyo chini ya cherehani, bila sahani, wakipokezana, mpaka bati likaanza kuonekana.

Chiriku aliinamisha kichwa akachungulia ndani ya mkebe, akaugeuza huku na huku, akaupangusa chini kwa kiganja, kikatoka kikavu.

"Hakikumwagika, mama," alisema.

"Hakikumwagika," Sindano alijibu.

Alibakiza vipande viwili vya karoti, akaufunga mkebe, akauweka juu ya begi la dada kando ya mlango.